Kupimwa kwa Hewa, Toka Pwani Hata Mbeya

Wasikilizaji wangu, maneno ya leo ni habari ya kitu ambacho hakuna mtu asiyekitumia, wala hakuna aliyepata kukiona. Kitu hicho ni hewa. Samaki hukaa ndani ya bahari ya maji. Sisi nasi twakaa ndani ya bahari ya hewa, na watu wa Dar es Salaam ndio wakaao kwenye sakafu yake. Watu wa Iringa na Mbeya wamekwisha kupanda juu yake, ingawa wengi wao hawajioni kuwa wamepanda kitu.

Nataka kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kuipima bahari hiyo ya hewa, na kwa nini kipimo cha pwani peke yake hakikutosha hata kilipolinganishwa na kipimo cha milimani. Jambo hili la kulinganisha ndilo roho ya habari yote. Kipimo kimoja ni kama shahidi mmoja barazani: twamsikiliza kwa heshima, lakini hukumu haitoki mpaka aje wa pili.

Mama mwenye nyumba aliyehama Dar es Salaam akaenda kukaa Mbeya huijua habari hii jikoni kabla ya kuisoma katika kitabu. Maharage yale yale, katika chungu kile kile, hukawia kuiva. Kosa si la kuni wala si la mpishi. Pwani maji huchemka yafikapo digrii 100. Mbeya, ambako ni zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, huchemka yafikapo karibu digrii 94. Maji yachemkayo huko hayana moto sawa na yale ya pwani, hata yakitokota kwa nguvu namna gani. Sababu yake ni uzito wa hewa. Pwani hewa yote iliyo juu yetu yaukandamiza uso wa maji. Mbeya sehemu moja katika tano ya hewa hiyo imekwisha kubaki chini, na maji hupata nafasi ya kuchemka mapema.

Ya kuwa hewa ina uzito, watu hawakuyajua tangu zamani. Mwaka 1644 Mwitalia mmoja, Evangelista Torricelli, alieleza katika barua jinsi bomba la kioo lililojazwa zebaki, na kupinduliwa katika bakuli la zebaki, lisivyomwagika lote. Zebaki hushuka kidogo, kisha husimama kimo cha kama inchi 30. Alisema kwamba kinachoizuia ni uzito wa hewa ikandamizayo bakuli. Mfaransa Blaise Pascal akafikiri zaidi: ikiwa maneno haya ni kweli, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyobaki ni haba, hapana budi zebaki isimame chini zaidi. Akamwandikia shemeji yake, Florin Périer, aliyekaa karibu na mlima uitwao Puy de Dôme.

Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda mlima huo. Lakini angalieni hekima yake. Hakuchukua bomba moja tu. Alitengeneza mabomba mawili, akayasoma pamoja mjini, akaona kwamba yalingana. Moja akamwachia mtawa mmoja alitazame mchana kutwa. La pili akapanda nalo. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka inchi tatu na kidogo. Aliporudi, mtawa alimwambia kwamba bomba la chini halikubadilika kamwe siku ile. Basi ikajulikana kwamba mabadiliko yaliletwa na mlima, wala si na siku. Puy de Dôme una futi zipatazo 4,800. Mji wa Iringa upo juu zaidi ya hapo, na kila mtu ashukaye sokoni asubuhi na kikapu chake hutembea juu ya kimo kile kilichowastaajabisha wataalamu wa Ulaya.

Tangu hapo chombo cha zebaki, kiitwacho baromita, kikawa pia kamba ya kupimia milima. Lakini baromita ya kioo ni mzigo mbaya kwa msafiri, maana huvunjika upesi. Kwa hiyo wasafiri wa karne ya 19 waliokuja bara yetu walichukua kipimo cha joto, wakachemsha maji kambini, wakasoma digrii za kuchemka, wakapata kimo kwa hesabu. Ni kazi ile ile ya chungu cha maharage, ila imeandikwa daftarini.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Vipimo vyao vizuri vilikuwa vimekwisha kuharibika njiani, wakatumia kipimo cha kawaida cha maji ya kuogea. Kwa chombo hicho walipata kwamba uso wa ziwa ni futi 1,844 juu ya bahari. Kweli yake ni zaidi ya futi 2,500. Kosa la chombo halikutimia hata digrii moja, lakini katika hesabu ya kimo likawa karibu futi 700. Hawakuwa na chombo cha pili cha kukipinga kile cha kwanza, wala mtu wa kukisoma kingine pwani saa ile ile. Wala tusidhani kwamba kosa la namna hii ni la vitabuni tu. Mtaona hivi punde kwamba laweza kuua watu.

Wadachi walipotawala, waliweka mahali pengi pa kupimia mvua, joto na upepo, na makao makuu ya kazi hiyo yakawa Dar es Salaam. Hans Maurer, na baada yake Carl Uhlig, walikusanya na kuzipanga hesabu hizo. Lakini vyombo vyote hivyo vilisimama juu ya ardhi. Hewa iliyo juu ya mapaa ya mji ilibaki bila kuulizwa.

Swali hilo la hewa ya juu likaletwa Afrika Mashariki mwaka 1908 na Arthur Berson, mtaalamu wa nyumba ya kupimia anga ya Lindenberg, Ujerumani. Mtu huyu alikuwa mzoefu wa hatari: tarehe 31 Julai 1901 yeye na mwenzake Reinhard Süring walipanda na puto hata futi 35,000 na zaidi, wakazimia kwa uhaba wa hewa, wakashuka wazima. Katika Ziwa Viktoria Nyanza yeye na wenzake walirusha maputo yasiyo na mtu, yaliyobeba vyombo vidogo vya kujiandikia vyenyewe. Maputo hayo yaliwaonyesha kwamba juu sana, kadiri ya maili kumi, hewa ya nchi hizi za joto ni baridi kuliko hewa ya Ulaya iliyo kimo hicho hicho. Twachomwa na jua chini, na juu ya vichwa vyetu pana baridi ya karibu digrii 80 chini ya kuganda.

Berson aliona na jambo la pili. Huko juu kabisa aliukuta upepo utokao magharibi. Jambo hili liliwatatiza watu, maana mlima wa moto wa Krakatoa ulipopasuka mwezi Agosti 1883, vumbi lake lilizunguka dunia likitokea mashariki kwenda magharibi. Nani alisema kweli? Wote wawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, hesabu za maputo ya miaka mingi zilipolinganishwa, ilionekana kwamba upepo huo wa juu juu ya Ikweta hugeuka, na mzunguko wake mzima huchukua kadiri ya miezi 28. Berson alifika katika zamu moja, na vumbi la Krakatoa katika zamu nyingine. Shahidi mmoja hakuwa mwongo. Alikuwa peke yake tu.

Sasa tushuke kutoka juu huko, tuje kwenye hewa ya karibu, ile ya futi elfu kumi za kwanza, ambamo mawingu ya mvua huanza na eropleni za zamani zilipita. Namna ya kuipima ilikuwa rahisi kusimulia, ngumu kutenda. Puto dogo la mpira hujazwa gesi ya haidrojini, ambayo ni nyepesi kuliko hewa, kwa kiasi kijulikanacho, ili lipande kama futi 500 kila dakika. Mpimaji hulifuata kwa darubini yenye duara mbili za digrii. Kila dakika ikipita husoma pembe mbili: puto liko upande gani, na limeinuka kiasi gani. Kwa kuwa kimo chake chajulikana kwa kuhesabu dakika, pembe hizo zamwambia limepelekwa wapi, nako ndiko upepo wa tabaka ile uendako. Usiku hutungikwa taa ndogo ya karatasi yenye mshumaa, na mpimaji huifuata nyota yake hiyo mpaka izame katika wingu.

Mwaka 1929 ilianzishwa idara moja ya hali ya hewa kwa nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza, chini ya Albert Walter, aliyekuwa amefanya kazi hiyo Morisi. Miaka michache tu baadaye kazi yake ilipata haraka mpya. Mwezi Januari 1932 eropleni za kampuni ya Imperial Airways zilianza kuchukua barua toka London hata Cape Town. Njia yake ilitoka Nairobi, ikapita Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika katika Rhodesia ya Kaskazini. Mbeya, mji ulioanzishwa mwaka 1927 wakati wa dhahabu ya Lupa, ukawa kituo cha njia ya dunia.

Hapa ndipo baromita ya Périer ilipoingia katika roho za watu. Chombo kimwonyeshacho rubani kimo chake ni baromita tu, iliyoandikwa futi badala ya inchi. Hewa ikiwa nyepesi siku ile kuliko jana, chombo hudhani kwamba eropleni imepanda, kumbe haikupanda. Rubani aliyetoka Dodoma akiwa na kipimo cha Dodoma, akaingia katika wingu penye milima ya Mbeya, ambayo vilele vyake vinapita futi 9,000, angeweza kuambiwa na chombo chake kwamba yu salama hali mlima u mbele ya pua yake. Dawa ni ile ile ya mtawa wa mwaka 1648: awepo mtu chini, mahali panapojulikana kimo chake, asome baromita yake, na habari zimfikie rubani kwa simu ya upepo kabla hajashuka.

Tena hewa nyembamba haibebi mabawa vizuri, wala hailishi injini shibe yake. Eropleni iliyoruka kwa wepesi Dar es Salaam ilihitaji kukimbia mbali zaidi chini kabla ya kuruka Mbeya, na zaidi saa za mchana, maana joto huzidi kuipunguza hewa. Kwa njia hii hasa iliagizwa eropleni ya injini nne iitwayo Atalanta, na sharti lake moja lilikuwa iweze kukaa futi 9,000 hata injini moja ikizimika. Hebu fikirini: namba hiyo haikutungwa na mshona nguo. Ilitolewa na nchi yenyewe, kwa kupimwa milima yake na hewa yake.

Mwaka 1937 kampuni hiyo iliiacha njia ya bara, ikaleta eropleni kubwa zituazo majini, zikafuata pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea kusini. Haja ya kupima hewa juu ya bandari ikazidi. Mvuvi wa ngalawa aliijua tangu kale sehemu ya habari hiyo. Alfajiri hutoka kwa umande, upepo utokao bara. Baadaye jua likiwa kali, upepo wa bahari humrudisha. Puto likaongeza jambo asiloweza kuliona aliye chini, yaani unene wa pepo hizo. Siku za kusi, puto la alfajiri laweza kwenda kwanza upande wa bahari kwa umande. Likiisha kuipita tabaka hiyo nyembamba, hugeuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, likashika njia ya bara pamoja na kusi. Kumbe juu ya mji mmoja, saa moja, pana pepo mbili zilizopandana, na moshi wa chini wala haujui habari za wingu la juu.

Kusi hiyo ifikapo Nyanda za Juu Kusini hukutana na ukuta. Hewa yenye mvuke hulazimishwa kupanda. Ikipanda hupoa, na ikipoa hutoa maji yake. Ndiyo sababu Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, karibu na Ziwa Nyasa, hupata mvua ya kadiri ya inchi 100 kwa mwaka, na Iringa, iliyo nyuma ya milima, haifikii inchi 30. Mkulima wa migomba wa Unyakyusa na mkulima wa mahindi wa Uhehe hutumia upepo mmoja; mmoja hupewa maji yake, mwenzake hupewa mabaki.

Tena milima ilifundisha jambo ambalo pwani ni gumu kulitambua. Kwa desturi joto hupungua kama digrii mbili kila upandapo futi 1,000. Lakini usiku wa mwezi Juni au Julai, mbingu zikiwa safi na upepo umelala, ardhi hupoa upesi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka mabondeni kama maji. Ndipo mambo hupinduka: chini huwa baridi, juu huwa na joto kidogo. Mkulima wa chai wa Mufindi au wa viazi wa Njombe huona sakitu, yaani umande ulioganda, imeunguza majani ya bondeni, na ya mteremkoni ni mazima. Mbeya asubuhi hiyo moshi wa majiko hupanda kidogo, kisha hutanda kama shuka, maana hewa ya joto iliyo juu imekuwa kifuniko cha chungu. Kifuniko cha namna hiyo huweza kuufunika mji wa pwani pia usiku usio na upepo, na afya ya vifua vya watu yategemea ni futi ngapi zimebaki chini yake.

Faida kubwa ya vidaftari vya maputo ilikuja kuonekana baadaye. Kwa miaka mingi wapimaji wa Afrika Mashariki, wengi wao Waafrika ambao majina yao hayakupigwa chapa, walirusha puto, wakaandika pembe, wakapeleka hesabu. Mwingereza mmoja, Findlater, alizikusanya na kuzilinganisha, na mwaka 1969 alionyesha kwamba siku za kusi pana mto mkubwa wa hewa upitao karibu na nchi, kadiri ya futi 5,000 tu juu. Hutoka upande wa Morisi, hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, huingia pwani yetu, huvuka Ikweta katika Kenya, hutokea Somalia, na kuvuka bahari mpaka Bara Hindi, ambako huchukua sehemu yake katika mvua kuu ya huko. Milima ya Afrika Mashariki ndiyo ukuta wake wa magharibi. Hakuna puto moja lililouona mto huo. Uliandikwa kwa tarakimu za watu wengi ambao kila mmoja aliona tone lake tu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Siku hizi puto hubeba chombo cha redio, kisemacho chenyewe joto, unyevu na uzito wa hewa kila kipandapo. Chombo cha namna hiyo kilirushwa kwanza Ufaransa na Robert Bureau mwaka 1929. Idara moja ya Afrika Mashariki ilikoma Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na kazi ya Tanzania leo ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ndege za Mbeya nazo zilihamia Songwe mwaka 2012, kiwanja kilicho chini kuliko kile cha zamani kwa zaidi ya futi 1,000, ambako hewa ni nzito zaidi na njia ya kurukia ni ndefu. Setilaiti nazo hutazama toka juu. Hata hivyo kila kitazamacho toka mbali hakina budi kupatanishwa na chombo kilichomo ndani ya hewa yenyewe, la sivyo tutarudia kosa la Ujiji.

Kwa hiyo mkipita karibu na kituo cha hali ya hewa, Iringa au Mbeya au pwani, mtaona sanduku jeupe la mbao lenye pande za vipande vilivyopangwa mshazari, limesimama juu ya miguu yake, na karibu nalo chombo cha mvua. Wazuieni watoto wasikisogeze chombo hicho, wala msijenge ukuta ukakizibia upepo. Maana kikisogezwa, ushahidi wa miaka yote iliyopita hauwezi kulinganishwa tena na wa leo. Saa tatu asubuhi mtu hulifungua sanduku hilo akasoma. Saa hiyo hiyo mwenzake yu Dar es Salaam, na mwingine yu ng'ambo ya bahari, ambako saa za hapo husema vingine, lakini dakika ni moja. Kila mmoja huandika tarakimu zake chache, na hewa iliyo kati yao huanza kuonekana.